Oda ya Siku ya Sifuri

Nafula, mama,

Saa hii mko kwa kinyozi, wewe na mama yako. Umetoka hapa umeshika nywele na mikono mbili kama mtu anaporwa, ukiuliza, "Baba, ni shule gani inaogopa nywele?" Nikacheka tu, sikukujibu. Ndiyo maana nimeketi kuandika kabla mrudi, na kabla kesho uende shule ya bweni. Ukiwa mbele yangu maneno hunikwama kwa koo. Unanijua.

Mambo ya sabuni na kufuli ya boksi na nani usimwazime ndala, hayo utaambiwa na mama yako. Alianza kuyasema tangu barua ya shule ifike na hajamaliza. Mimi niko na kitu moja, na nitaisema sasa hivi hapa juu nisije nikaizunguka mpaka karatasi iishe.

Nimewaambia. Huko shule. Si wote, ni mtu mmoja, lakini nimemwambia kuhusu damu yako. Uliniomba nisiseme, na mimi nikanyamaza, ukadhani nimekubali.

Usirarue. Soma kwanza, halafu ukitaka kurarua, rarua.

Nataka nikuonyeshe njia yenye nilipitia mpaka nikashika simu. Nitaanza na kazi, juu kazi ndiyo kitu pekee naweza kueleza bila kutetemeka. Wewe hujui sana kazi yangu. Unajua tu baba anaketi kwa ile stoo ya Baba Shiru, katikati ya tenti zimekunjwa, anaangalia kompyuta na hasemi. Watu wengine kwa ploti wanafikiria mimi ni askari wa tenti.

Unajua shule niliachia darasa la nane. Nilikuwa nabeba mizigo Eastleigh, yale marobota ya nguo, kutoka kwa lori mpaka juu kwa maduka, na jioni nilikuwa nafagia cyber moja ya kompyuta hapo nyuma. Kulikuwa na kijana wa college alikuwa anakuja kuandika website za watu. Nilikuwa nasimama nyuma yake na fagio. Hakuwahi kuniuliza nataka nini, na mimi sikuwahi kumwambia. Nilikuwa naangalia tu vidole vyake na skrini, vidole na skrini. Mtu mwenye haongei huwa anaona mengi, hiyo ndiyo faida yake, na sijui kama kuna ingine. Ile lugha alikuwa anaandika inaitwa PHP. Kizungu yangu nyingi nimejifunza kwa ujumbe wa makosa wa hiyo PHP. Neno "undefined" nililijua kabla ya neno "unfortunately". Ukikosea kitu, inakuandikia: kosa ni hili, liko kwa faili hii, mstari huu. Nilipenda hiyo. Hakuna mwalimu aliwahi kunionyesha mstari. Walikuwa wananiambia tu nimekosea.

Basi ndiyo Baba Shiru akanipa kazi ya kumwandikia website ya kukodisha tenti. Mtu anajaza jina, simu, mahali, tenti ngapi, viti ngapi, sufuria, na tarehe. Akibonyeza, inatokea: "Asante. Oda yako imepokelewa. Tutakupigia." Na kila asubuhi inatoa orodha ya oda zinakuja, Baba Shiru anapakia gari akifuata hiyo orodha.

Ilianza vizuri. Halafu siku moja akaingia stoo na simu juu, amekunja uso.

"Wewe kijana, hii Kizungu imetoka wapi kwa website yangu? Mteja amenitumia picha, ati nimeingiliwa na wezi!"

Nikaangalia. Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno meusi, "Warning", na jina la faili, na mstari.

"Ni warning tu, Baba Shiru."

"Warning ya nini? Mimi nakodisha tenti, siuzi sigara. Toa!"

Ningemwambia anipe siku moja nitafute hiyo warning inalia juu ya nini. Si ni kwangu ilikuwa inaongea? Lakini alikuwa amesimama hapo na sauti yake kubwa, na wabebaji wa tenti wanatuangalia, na mimi nikasema, "Sawa." Unaijua hiyo "sawa" yangu. Mama yako anaiita mlango wa kutokea.

Kwa PHP kuna alama moja, ile a yenye mkia umeizunguka, ile ya email. Ukiiweka mbele ya mstari, huo mstari ukikosea hausemi kitu. Kosa bado liko. Umeliziba mdomo tu. Nikaiweka hapo. Skrini ikawa safi. Baba Shiru akafurahi, akaninunulia soda. Na mimi nikaona kumbe kazi ni rahisi hivi, nikaanza kuiweka kila mahali, hata mahali hapakuwa panalia.

Sasa sikiza venye ilienda.

Kulikuwa na mama mmoja Makongeni, Mama Otieno, mzee wake alifariki. Kijana wake ndiye alijaza ile fomu. Akaandika jina, simu, tenti, viti. Akifika kwa tarehe akaandika, "Tutawajulisha mwili ukitoka."

Na wewe unajua huku matanga huwa aje. Hakuna mtu anajua tarehe. Kuna mambo ya hospitali hayajaisha, kuna wazee nyumbani hawajakubaliana, kuna ndugu bado yuko njiani. Unaanza kutafuta tenti kabla ujue siku. Kila mtu Eastlands anajua hiyo. Hata mimi nilijua, si baba yangu nilimzika hivyo hivyo? Lakini nikiandika ile fomu, kichwani nilikuwa naona harusi. Mtu wa harusi anajua tarehe mpaka saa.

Kompyuta ilingoja tarehe, ikapewa maneno. Ikajaribu kuyasoma, ikashindwa, ikataka kulia, na kumbe hicho ndicho kilio chenye nilikuwa nimeziba. Basi ikaandika sifuri. Siku ya sifuri, mwezi wa sifuri, mwaka wa sifuri. Halafu, juu mimi ndiye niliiambia iseme hivyo hata kuwe na nini, ikamwambia huyo kijana: Asante. Oda yako imepokelewa.

Orodha ya asubuhi ilikuwa inatafuta oda za leo na za mbele. Siku ya sifuri haiko mbele. Haiko mahali popote. Kwa hivyo hakuna mtu aliiona, hakuna mtu alipiga simu. Na mtu akiwa na msiba hafuatilii. Ameambiwa imepokelewa, anaitoa kwa kichwa, anashughulikia ingine.

Siku mwili umeletwa nyumbani, kabla wasafiri nao kwenda kuzika, kijana akapiga simu: "Gari ya tenti imefika wapi?" Baba Shiru akaangalia orodha, akaangalia mimi. Tenti zote zilikuwa zimeenda harusi, mbali. Zilibaki mbili zimeraruka. Na mvua ilikuwa imeanza. Nikazipakia kwa mkokoteni, mimi na mbebaji mmoja, tukasukuma.

Tulipofika nilikuta jeneza liko kwa meza, nje, kati ya nyumba na nyumba, na juu yake turubai ya muuza mitumba. Haikuwa inatosha. Upande wa miguu kina mama walikuwa wamesimama wameshikilia leso juu ya jeneza, wanne, mikono juu, maji yanawashuka kwa viwiko. Hakuna mtu alitutukana. Ningependa wangetutukana. Mama Otieno alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki, akaniangalia nikifungua kamba, akaniuliza pole pole, kama mtu hajaelewa kitu na anataka aelezwe:

"Si mlisema imepokelewa?"

Mama, hilo swali nimelisikia kila siku tangu hiyo siku. Nilirudi stoo nikafungua kompyuta na nguo bado zimelowa, nikaitafuta. Ilikuwa hapo. Jina, simu, viti, kila kitu. Haikuwa imepotea. Ilikuwa imekaa kimya mahali hakuna mtu anaangalia.

Sasa nitakuja kwako.

Wewe hukumbuki ile nyumba ya Mathare, ama unakumbuka kidogo. Kuta ni mabati. Mtu akipika upande ule unajua ametia kitunguu. Ulikuwa mdogo sana wakati damu yako ilianza kukusumbua. Bado hatukuwa tunajua inaitwa sickle cell, tulikuwa tunajua tu mtoto anashika mifupa na analia mpaka sauti inaisha. Jirani akawa anagonga ukuta. "Huyo mtoto mnamfanya nini? Mpelekeni kwa maombi!" Na kesho yake kwa bomba la maji, wamama wakimwona mama yako wananyamaza.

Mama yako aliwajibu, unajua mdomo wake. Aliwaambia kama ni maombi waje waombee huo ukuta ukuwe wa mawe. Lakini mimi sikutoka nje. Ningefungua mlango niseme, mtoto wangu ni mgonjwa, tusaidieni ama mtuache. Ni maneno machache. Badala yake nilikukumbatia, nikakuwekea mdomo kwa sikio, nikakwambia: "Nyamaza, mama. Nyamaza, watu watasikia."

Na ukanyamaza. Ndiyo hiyo inanikata mpaka leo. Ulikuwa mtoto mdogo hivyo, na ulielewa.

Ule mwaka wa tenti za Mama Otieno, ile baridi ya Julai, tulikuwa tumeshahamia hapa. Mama yako akaja kukuamsha uende shule akakuta mkono umevimba na macho yamekuwa manjano. Tukakubeba. Daktari akakuuliza, "Imeanza lini?" Na kabla ujibu, ukaniangalia. Si daktari, mimi. Ukaangalia uso wangu kama mtu anaangalia kama barabara iko salama, ndiyo ukasema, "Leo."

Tulivyorudi nyumbani mama yako alikunjua blanketi yako akanionyesha pindo. Ilikuwa imetafunwa, imekauka, imetafunwa tena. Hiyo haikuwa ya leo.

Na jioni zote hizo nilikuwa nikiingia nakuuliza, "Uko aje, mama?" Na ulikuwa unanijibu, "Niko poa, baba."

Asante. Oda yako imepokelewa.

Usifikirie nakulaumu. Mstari ukizibwa mdomo, huwezi kuulaumu kwa kunyamaza. Uliza nani aliziba.

Basi nikasema nitabadilika, na nikabadilika vibaya. Hiyo pia nataka uijue, juu mtu akiogopa huwa anaruka kutoka shimo moja anaingia kwa lile lingine.

Kwa kazi nilitoa zile alama zote. Nikafanya venye wanaojua wanafanya: mteja haoni makosa kwa skrini, lakini kila kosa linaandikwa kwa faili pembeni, na saa yake na mstari wake. Hiyo faili inaitwa log. Ni kitu poa. Lakini mimi niliiambia iandike kila kitu. Mtu ameacha nafasi tupu, andika. Picha imekosa, andika. Mtu ameandika namba ya simu na nafasi katikati, andika. Na kuisoma, sikuisoma. Nilikuwa naifungua, naona mistari kama mchanga, naifunga. Nilikuwa natulia tu kujua imeandikwa.

Ijumaa moja website ikalala. Kesho yake kulikuwa na harusi. Baba Shiru akaja mbio.

"Sasa imekuwa nini tena?"

"Imejaa."

"Imejaa nini, tenti?"

"Imejaa makosa, Baba Shiru. Faili ya makosa imekula nafasi yote."

"Basi hiyo ni kama kanisa letu," akasema, akaenda kutafuta kalamu aandike oda kwa mkono.

Na nyumbani je? Nyumbani nilikuwa nakuandika wewe. Umekunywa maji? Umekunywa mangapi? Mkojo ni rangi gani? Umevaa sweta? Kwa nini unatembea hivyo? Nilikuuliza ya mkojo kwa ngazi, mbele ya rafiki zako wawili. Nikaona uso wako ukifunga kama duka. Mama yako aliniambia hiyo jioni, "Wewe unamlea ama unamchunga kama mbuzi? Bado tu umfunge kengele." Nikamwambia heri kengele. Sikuwa nafanya mzaha.

Halafu asubuhi moja ulikuwa unafunga viatu, nikakuuliza tena, na ukaniambia bila kuinua kichwa, "Baba, ukiniuliza kila saa, mimi nitasema tu niko poa ndiyo uache."

Ukatoka ukaenda shule. Mimi nilibaki nimesimama hapo mlangoni kama nimemwagiwa maji. Nilikuwa nimeuliza sana mpaka nikakufundisha kunyamaza mara ya pili.

Sijawahi kukuambia, lakini hiyo siku nilienda kazini nikakaa na ile log kutoka mwanzo, mstari kwa mstari. Mingi ilikuwa kelele tu. Mtu kuacha nafasi tupu si kosa la kuamsha mtu. Nikaitoa. Katikati ya hiyo kelele nikapata zingine nne tano kama ya Mama Otieno, watu wa msiba wameandika "bado", wameandika "Mungu akipenda", mmoja ameandika "sijui". Zilikuwa zimelia kweli, na zilikuwa zimeandikwa, na mimi sikuwa nimesikia juu nilikuwa nimeziweka pamoja na picha zimekosa.

Nikapigia hao watu mmoja mmoja. Mimi! Kwa simu! Wengine walikuwa wameshazika.

Ndiyo hapo nikaelewa kitu nilikuwa sijaelewa hata baada ya mvua ya Makongeni. Hao watu hawakuwa wamekosea. Nilikuwa nimetafuta njia ya kuficha kosa lao, halafu njia ya kuandika kosa lao, na hawakuwa na kosa. Walikuwa hawajui tarehe, na walisema ukweli. Mimi ndiye niliandika fomu haina nafasi ya mtu hajui. Nikaongeza nafasi: "Bado hatujui siku." Ukichagua hiyo, hakuna kitu kinaanguka. Jina lako linakaa juu kabisa ya orodha, juu ya harusi zote, na Baba Shiru kila asubuhi akikunywa chai anakupigia: "Poleni. Mmefika wapi?" Siku hizi watu wanamsifu ati ana utu. Anajipiga kifua, anasema utu amezaliwa nao.

Na log naisoma, kila asubuhi, ni fupi. Kuna kitu moja tu, oda ya mtu kukosa kuingia kwa orodha, hiyo ikitokea simu yangu inalia hata niwe wapi. Zingine zinangoja chai.

Sasa wewe. Uliposema ile jioni, ukikunja sare mpya, "Baba, huko hakuna mtu ananijua. Nataka nianze nikiwa Nafula tu, si Nafula mgonjwa," nilikuelewa kuliko venye unafikiria. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikitaka kuingia mahali bila mtu kugeuza kichwa. Nilisema, "Mm." Ukanishukuru. Hiyo "mm" imenilalia kwa kifua tangu hiyo siku. Kwa sababu nilikuwa naona maji baridi ya kuoga asubuhi kabla jua. Nilikuwa naona mchaka mchaka. Nilikuwa naona kitanda cha juu kwa bweni, na pindo ya blanketi.

Leo mchana nikaenda nyuma ya stoo, nikaketi kwa tenti zimekunjwa, nikapigia matron, yule mama wa kuangalia bweni lenu. Namba ilikuwa kwa ile barua ya shule. Nilikuwa nimejifunza maneno kichwani tangu asubuhi, na aliposema hallo yote yakatoka, yakaenda.

"Hallo, madam. Mimi ni... mimi ni baba."

"Baba wa nani? Huku kuna wasichana mia na mia, na wote wana baba."

Nikamwambia jina lako. Nikaanza kumwambia, nikachanganya, nikaanza na tenti sijui kwa nini. Akasema, "Baba Nafula. Pole pole. Sikufukuzi."

Ndiyo nikamwambia yote. Baridi, maji, homa, venye ikianza haingoji asubuhi. Aliuliza maswali mazuri. Kumbe amewahi kuwa na msichana mwingine kama wewe, alimaliza shule, sasa ana kazi yake. Nikamwambia tafadhali, ajue yeye tu. Isisomwe parade. Asiambiwe mwalimu wa darasa, wasiambiwe wasichana. Akasema sawa.

Halafu akaniuliza, "Na akianguka uwanjani, mwalimu wa michezo afanye nini kama hajui?"

Nikasema huyo utamwambia wewe, ukitaka, siku utataka. Nimefungua mlango mmoja, Nafula. Hiyo mingine nimeacha ikiwa yako, na nimeiacha kwa shida, nikuambie ukweli.

Karibu tukate simu, akauliza tena. "Na yeye mwenyewe atasema? Maana mimi siwezi kuona maumivu, baba. Mimi naona uso tu."

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema, ndiyo, atasema, ni msichana mzuri. Asante, oda imepokelewa. Nikajizuia. Nikasema, "Sijui, madam."

Akasema, "Basi mwambie mlango wangu ni wa kijani, nyuma ya tangi la maji. Haufungwi. Asibishe."

Hiyo ndiyo nilikuwa nakuandikia. Mlango ni wa kijani, nyuma ya tangi. Usibishe.

Watu wakikuuliza "sasa" ama "uko aje", jibu poa kama kawaida. Hiyo ni salamu, na si kila mtu anauliza anataka jibu. Hutakiwi kuanika damu yako kwa kila skrini, na mtu asikwambie ati kuficha ni uongo. Lakini kwa huo mlango, usianze na poa. Kama ni usiku, kama ni mtihani, kama umeanza tu kuhisi na unajiambia labda itaenda. Kama hujui ni nini, sema hujui. Iko nafasi ya hiyo. Na umwambie kabla uangalie uso wake unakaa aje.

Kuna kitu ingine kwa PHP nilijifunza mwisho. Unaweza kuiambia, jaribu hii, na ikianguka, ishike. Watu wengi tunaandika hapo pa kushika halafu ndani hatuweki kitu. Tunashika na mikono mitupu. Nimekushika hivyo miaka mingi, nikifikiria kukumbatia kunatosha. Huyu mama wa mlango wa kijani anajua akikushika afanye nini. Ndiyo maana nilimwambia.

Ukikasirika, kasirika. Siku ya kutembelewa nitakuja, na unaweza kunyamazia mimi siku nzima, mimi naweza hiyo, nimeizoea kuliko watu wote. Nitaketi tu kwa nyasi na chapati za mama yako. Lakini ukiwa umenikasirikia, niambie umenikasirikia. Usiniambie uko poa.

Nawasikia kwa ngazi. Mama yako anasema kichwa chako ni kizuri, kimetoka upande wake, na wewe unamwambia anyamaze watu watasikia, na mnacheka.

Mlivyokuwa mnatoka, aliniuliza hapo mlangoni, "Wewe uko aje na hii mambo ya kesho?" Nikasema niko poa. Mkashuka. Mlipofika chini nikafungua dirisha, nikamwita, na watu wote wa ploti walikuwa nje wanaanua nguo, wakainua vichwa.

Nikamwambia, "Naogopa!"

Wewe ulikuwa umetangulia, hukusikia. Sasa umesikia.

Baba yako.